Mlango Uliofungwa Baada ya Mzinga

Mpaka leo wapo wanaosema Gretel II, yoti ya Australia, ilidhulumiwa. Haikudhulumiwa. Ushindi wake katika mbio za pili za Kombe la Amerika, Septemba 1970 huko Newport, ulitupwa baharini na mshika usukani wake mwenyewe, hata kabla ya boya la kwanza.

Itazameni tena ile picha ya mwanzo wa mbio hizo iliyopigwa kutoka angani. Intrepid, yoti ya wenyeji chini ya Bill Ficker, inateremka kutoka joshini, inataka kujipenyeza kati ya mashua ya kamati na Gretel II. Ficker amekuja vibaya, pengo ni jembamba. Gretel II iko demanini, na kabla ya mzinga wa kuanzia haki yote ilikuwa yake. Ingeweza kuufunga mlango ule kabisa. Kwa sheria za wakati ule, mzinga ukishalia mambo yaligeuka: yoti ya demani haikuwa na ruhusa tena ya kupanda kupita mwendo wa kubisha ili kuinyima ya joshini nafasi kwenye alama. Mshika usukani yeyote wa yoti za mita 12 alipaswa kulijua hilo hata usingizini. Baada ya mzinga Martin Visser, aliyeushika usukani wa Gretel II, akaendelea kuusukuma omo kwenye jicho la upepo, matanga yakipwaya, mwendo ukifa, mpaka akaigonga Intrepid ubavu wa kushoto.

Hata tukiiweka kanuni kando, ule ulikuwa ubaharia mbaya. Angelegeza kidogo, matanga yakajaa, angeuvuka mstari kwa kasi na kumbana Ficker kwa juu. Badala yake akasimama majini, na Intrepid ikaondoka mbele.

Nimelisema mara nyingi: usukani haugawanywi. Jim Hardy ndiye aliyekuwa nahodha, lakini kuanza akaachiwa Visser. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Bus Mosbacher, aliyeshinda Kombe kwa yoti Weatherly mwaka 1962 na kwa Intrepid hiyohiyo mwaka 1967, alijijengea jina pale pale penye mstari wa kuanzia. Mtu wa aina yake angeufunga mlango ule kabla ya mzinga au asiuguse.

Hardy aliendesha vizuri, akaipita Intrepid, akamaliza mbele kwa dakika 1 na sekunde 7. Kamati ya mbio, ya klabu mwenyeji, ikaufuta ushindi kwa sababu ya mgongano ule. Klabu mwenyeji kuihukumu kesi ya yoti yake ni utaratibu mbovu, na ndiyo maana mwaka 1974 likaletwa jopo la kimataifa. Lakini hukumu yenyewe ilikuwa sahihi.

Ninayemhurumia ni Alan Payne. Alisanifu yoti ya mbao iliyoweza kuishinda Intrepid, na katika mbio za nne ikaishinda bila ubishi. Matokeo ya mwisho yakawa 4–1. Gretel II ilirudi Newport mwaka 1977, ikatolewa na Sverige ya Uswidi kwenye mchujo, na haikulipigania tena Kombe.