Jicho Kabla ya Kamera

Mpe mpiga picha mzoefu picha ya harusi, kisha mwangalie anavyoitazama. Haanzi na tabasamu la bibi harusi. Anakwenda moja kwa moja begani, pale jua la saa saba lilipoipiga shela, aone kama lesi bado ina nyuzi zake au imeungua ikabaki weupe mtupu. Anahamia kwenye koti jeusi la bwana harusi, ndani ya mkunjo wa mkono, kutafuta kitambaa mahali ambapo kamera dhaifu huacha shimo la giza. Kisha anarudi kwenye ngozi na kukaa hapo: paji la uso, shavu, ubavu wa pua, mpaka wa nywele. Akimaliza safari hiyo fupi anajua kamera iliyotumika ilikuwa na uwezo gani na aliyeishika alikuwa makini kiasi gani. Ufundi huu wa kusoma picha hautolewi cheti, wala hakuna anayelipwa kwa ajili yake. Mimi nauweka juu ya ufundi mwingine wote wa kazi hii, kwa sababu asiyekuwa nao hawezi hata kujua anahitaji kununua nini.

Na kununua ndiko kunakotusumbua. Kila mwaka hutoka kamera mpya, na namba zilizoandikwa kwenye boksi lake ni kubwa kuliko za mwaka jana. Historia ya namba hizo inasisimua kweli. Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali yenye pikseli 10,000 tu, iliyotumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kanda ya kaseti. Mwaka 2003 Canon EOS 300D ilikuja na pikseli milioni 6.3, na mwaka 2012 Nikon D800 ikafika milioni 36.3. Nani asingevutiwa? Lakini msomaji wa picha huigeuza namba kuwa karatasi kwanza. Mchukue mtu mwenye Nikon D90 ya mwaka 2008, yenye pikseli 4,288 kwa 2,848, anayetamani kamera ya megapikseli 24 yenye 6,000 kwa 4,000. Dukani ataambiwa anapata maradufu. Akisafisha picha kwa pikseli 300 kila inchi, kiwango kizuri cha albamu, kamera yake ya sasa inampa upana wa sentimita 36 na hiyo mpya itampa 51. Ili upana uwe mara mbili, pikseli hazina budi kuwa mara nne. Ukurasa wa A4 unatosheka na megapikseli zisizofika 9, na wateja wengi siku hizi huzipokea picha kwa WhatsApp, ambayo huzibana na kuzipunguza njiani.

Sizidharau pikseli. Anayechapisha mabango, au anayekata kipande kidogo cha picha ya ndege aliyekuwa mbali kule Mikumi, atazitumia zote. Ninachokipinga ni ile tabia ya kuhukumu kamera kwa kuikuza picha kwenye kompyuta hadi asilimia mia moja. Kioo cha kawaida cha inchi 24 kina pikseli 1,920 kwa upana. Picha ya pikseli 6,000 ikifunguliwa namna hiyo ni sawa na bango la zaidi ya mita moja na nusu, na mtu analitazama akiwa umbali wa mkono mmoja. Hapo hakuna kamera isiyo na dhambi. Tena ukizilinganisha kamera mbili hivyo, ile yenye pikseli nyingi ndiyo inayokuzwa zaidi, na huenda ikaonekana mbaya bila kosa lake. Haki ni kuzisafisha picha zote kwa ukubwa mmoja, halafu kumwomba mwenzako azichanganye na kuyaficha majina ya kamera. Jina likishaonekana, ushabiki huingia, na ushabiki wa Canon na Nikon hauna tofauti sana na wa Simba na Yanga.

Ufundi huu hunoga zaidi usiku, ukumbini. Mwanga huja kwa chembe moja moja bila mpangilio, na chembe zinapokuwa chache, tofauti kati ya pikseli na jirani yake huonekana wazi. Ndizo zile chenga zinazotukera. Mwanga ukiongezeka mara nne, utulivu wa picha huongezeka mara mbili tu, na hesabu hiyo haibadilishwi na kampuni yoyote. Ndiyo maana sensa ya kamera, yaani kile kibao kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, ikiwa kubwa ni faida ya kweli: sensa ya milimita 36 kwa 24 ina eneo mara 2.3 hivi ya ile ya D90. Lakini tazama upande wa lenzi. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera, zikivutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya kamera mpya ya sensa kubwa. Ni kweli kina cha fokasi hupungua, na mpigaji itampasa ayalenge macho kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, kwa mtu wa kumbi, mara 2.3 haiwezi kushindana na mara kumi.

Chenga zenyewe pia hazifanani. Zipo za kijivu tupu, ambazo karatasi huzimeza. Hizo sizichukii, na katika picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe hata nazipenda. Zipo za rangi, madoa mekundu na ya kijani yanayojificha vivulini, ambayo humfanya mtu mwenye afya aonekane mgonjwa. Mbaya kuliko zote ni picha isiyo na chenga hata moja, kwa sababu programu iliyo ndani ya kamera au simu imezifuta pamoja na ngozi yenyewe. Hapo angalia mkono wenye hina: je, kingo za ua ni kali, na mistari ya ngozi inapita chini yake? Angalia njia kati ya misuko. Angalia kanga. Jina la kanga linaweza kusomeka vizuri huku pamba yote imelainishwa ikawa plastiki, na mtazamaji wa haraka akasifu ukali wa picha.

Kwenye ngozi sisi tuna sababu ya kuwa wakali kuliko watu wengine. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Rangi ikimkaa yeye vizuri, ilihesabiwa kuwa sahihi, na mtu mweusi aliyepigwa picha pamoja na weupe akapotelea gizani. Lorna Roth, msomi wa Kanada aliyezichunguza kadi hizo, ameeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe walikuwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, waliolalamika kuwa rangi za kahawia hazitofautiani. Inauma kuandika hivyo. Kadi ya ColorChecker, iliyoletwa mwaka 1976, ina vibao 24, na cha kwanza kabisa ni cha ngozi nyeusi. Ni hatua. Lakini kibao kimoja hakiitoshi familia moja ya Lamu, sembuse Afrika Mashariki nzima.

Rangi katika kamera ya dijitali kwa sehemu kubwa ni makisio. Katika sensa nyingi kila pikseli huona rangi moja tu. Nusu ya pikseli zote huona kijani, robo nyekundu, robo bluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970. Rangi mbili zinazokosekana hukisiwa kutoka kwa majirani, kisha kampuni huamua namna ya kuzipaka. Kwa hiyo kamera mbili zenye namba zilezile huweza kumtoa mama mmoja kwa sura mbili. Picha za majaribio zinazotoka Tokyo au London hazitakwambia lolote kuhusu hilo. Waweke chini ya mwembe mmoja watu wanne wa rangi tofauti, maji ya kunde hadi nyeusi tii, uwapige kwa pamoja. Fuata mteremko wa mwanga kutoka kwenye kifupa cha shavu hadi kwenye taya. Mteremko ukikatika, au kivuli kikigeuka kijani, umepata jambo ambalo hakuna jedwali la duka litakalokuonyesha.

Jua letu la mchana ni mtihani mwingine, kwa kuwa linasimama utosini na kuchimba vivuli chini ya nyusi huku kanzu na shela zikiwaka. Picha ya JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi la D90 lina 4,096, na kamera nyingi za baadaye 16,384. Weupe ulioungua haurudi. Kivuli huweza kuinuliwa, na hapo ndipo kamera mpya nyingi huzishinda kweli za zamani. Jaribio lake ni rahisi: piga kwa faili ghafi ukiwa umepunguza mwanga stopu mbili, uinue picha kwenye kompyuta, kisha uingie ndani ya lile koti jeusi. Ukikuta michirizi na madoa kwenye kamera yako, na kitambaa safi kwenye ile nyingine, hiyo ni tofauti ya kulipia.

Waliotutangulia walijifunza jicho hili kwa njia ngumu zaidi. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, hakukuwa na kioo nyuma ya kamera wala namna ya kufuta na kurudia. Filamu ya 120 iliyotumiwa na studio nyingi za zamani ilitoa picha 12 za mraba, na hukumu ilitolewa siku nyingine, karatasi ikiwa bado mbichi. Mtu wa zama hizo alilazimika kuiona picha kabla ya kubonyeza. Sisi tumepewa kioo, na wengi wetu tunakitazama kidogo kuliko wao walivyolitazama giza.

Basi, wewe unayehesabu akiba yako na kutupia macho madirisha ya Kariakoo au Moi Avenue, fanya jambo moja kwanza. Chagua picha zako za mwaka huu zilizokuudhi, zisafishe kwa ukubwa anaouagiza mteja wako, uzitazame mchana karibu na dirisha. Weka kidole juu ya kasoro na utaje chanzo chake: mkono uliotikisika, lenzi, taa za ukumbi, au sensa. Kisha nenda dukani na memori kadi yako, uombe ruhusa, upige uso wa muuzaji penye giza la duka, urudi nayo nyumbani. Ikiwa kasoro uliyoigusa kwa kidole imetoweka, nunua bila kusita. Ikiwa ipo palepale, kamera uliyo nayo inatosha kwa sasa.