Bei ya Jina: Hesabu Iliyoipiga Chenga Namecoin

Namecoin ilipoanza Aprili 2011, ilibeba kazi ambayo Bitcoin haikuwa nayo: kutunza daftari la majina ya intaneti lisilo na mwenyewe. Kwa kikoa cha kawaida, juu kabisa kuna ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, na chini yake kampuni zinazoweza kukufutia jina. Kwa kikoa cha .bit hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Jina ni muamala ndani ya blokucheni, na mwenye ufunguo ndiye mwenye jina.

Mtaalamu wa kriptografia Zooko Wilcox alikuwa amedai mwaka 2001 kwamba jina haliwezi kukumbukika kirahisi, kuwa salama na kutotegemea mamlaka yoyote, vyote kwa mpigo. Namecoin ilivipata vyote vitatu, tena kwa ufundi mzuri. Tazama usajili unavyokwenda. Programu haitangazi jina unalolitaka. Inalichanganya na namba ya kubahatisha, inatengeneza heshi (alama isiyoweza kurudishwa kuwa jina), kisha inaituma heshi hiyo peke yake. Hiyo ndiyo amri ya name_new. Unasubiri bloku 12, kama saa mbili hivi, ndipo name_firstupdate inafichua jina pamoja na anwani ya seva yako. Pasingekuwa na hatua ya kwanza, mchimbaji yeyote angeliona ombi lako likipita akajisajilia yeye.

Kasoro ilikuwa kwenye bei. Ada ya mwanzo ilikuwa 50 NMC (sarafu ya Namecoin), ikishuka yenyewe kadiri bloku zilivyoongezeka, majina yagombaniwe yasigombaniwe. Ikabaki 0.01 NMC inayofungiwa ndani ya jina, na ada ndogo ya muamala. Hata sarafu hiyo ilipopanda, kiasi hicho hakikufika dola moja. Jina lilidumu bloku 36,000, takribani siku 250, na kulihuisha kulikuwa rahisi vilevile. Ikawa kama kugawa viwanja vya katikati ya mji kwa bei ya andazi. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Princeton, walipolipekua daftari mwaka 2015, walikuta majina kama 120,000. Yaliyokuwa na kitu cha maana bila kuhodhiwa yalikuwa 28. Ishirini na nane!

ENS, daftari la majina ya .eth lililozinduliwa juu ya blokucheni ya Ethereum Mei 2017, ilianza na minada, na mwaka 2019 ikahamia kodi ya mwaka: dola 5 kwa jina la herufi tano au zaidi, 160 kwa herufi nne, 640 kwa tatu. Bei imepangwa kwa dola ila hulipwa kwa etha, sarafu ya Ethereum, kwa hiyo haiyumbi sarafu inapoyumba. Kwangu hilo ndilo rekebisho kubwa kuliko yote. Anayehodhi majina elfu moja ya herufi tano sasa ana bili ya dola 5,000 kila mwaka.

Lakini malipo yote haya ni ya kuandika. Anayesoma halipi kitu, na nodi inayomjibu hailipwi. Usipotaka kuitunza blokucheni nzima kwenye kompyuta yako, unaiamini seva ya mtu. The Graph, huduma ya kujibu maswali ya data za blokucheni iliyofungua mtandao wake mkuu Desemba 2020, ilijaribu kuziba pengo hilo. Kila swali huambatana na stakabadhi yenye saini ya kidijitali, ya thamani ya sehemu ndogo ya senti. Stakabadhi hizo hujumlishwa nje ya blokucheni, kisha mjibu hudai malipo kwa mkupuo, kwa sababu kuziandikisha moja moja kungegharimu kuliko swali lenyewe. Mlipaji hapo ni mwenye programu, maana kivinjari cha kawaida hakina pochi ya sarafu.

Kivinjari hicho hakisomi majina ya .eth pia, kwa hiyo wengi waliyafikia kupitia eth.link, kikoa cha kawaida kilichosajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Mwaka 2022 mtu huyo alikuwa gerezani, usajili ukaisha muda, kikoa kikauzwa, na kukirudisha kukahitaji amri ya mahakama ya Marekani.