Kisagalla katika Kanzidata ya Msamiati

Mwaka 1894 J. A. Wray alichapisha kitabu cha lugha aliyoiita Kitaita. Lugha yenyewe ni Kisagalla, ya mlima Ndara karibu na Voi, wala si Kidawida. Guthrie alizitenganisha kwa herufi tu: E74a Kidawida, E74b Kisagalla. Mkusanyaji wa kanzidata akiidondosha herufi hiyo, anachanganya lugha mbili. Akiandika “Sagala” pekee, anaigonganisha na G39 ya Kilosa, Tanzania. Kosa la daftari humpotosha mwenye daftari. Kosa la kanzidata hurithiwa na kila aliyegawiwa, na ulinganishi wote wa Kibantu ukaharibika. Kwa hiyo kila neno na liandikiwe lugha, mahali na mwaka wa kukusanywa, ndipo ligawiwe wengine.