Mti Mdogo, Miaka Mingi: Namna ya Kutazama Bunjae ya Wakorea

Wakorea wana sanaa inayoitwa bunjae. Kwa herufi za Kichina ni neno lile lile ambalo Wajapani wanalisoma bonsai: mmea uliopandwa ndani ya chungu. Asili yake ni China, lakini Korea nayo ina historia ndefu. Katika karne ya 15, Gang Hui-an aliandika Yanghwasorok, kitabu juu ya kulea maua na miti, na msonobari mzee una fasi yake humo.

Mtu wa kwetu akiona mti kama huo anauliza: «Huyu muti unabakia mutoto juu ya nini?» Kumbe si mtoto. Unaweza kuwa na miaka mia moja na usipite goti. Mizizi inapunguzwa, matawi yanakatwa, uzi wa shaba ao wa alumini unazungushwa kwenye tawi mpaka lizoee njia mpya. Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Fundi wa bunjae anakunja vile vile, ila pole pole, kwa miaka.

Tuupime basi kwa kitu gani? Udogo peke yake si kipimo. Tazama mizizi: imeshika udongo kama vidole? Shina liwe nene chini na jembamba juu, sawa mti wa mlimani. Kati ya matawi kubakie nafasi ya upepo kupita. Mwisho, tafuta mkono wa fundi: ukionekana sana, kazi imeharibika. Msonobari mwekundu wa Korea, wenye shina linalopinda, unafundisha hilo vizuri. Vichaka vinavyokatwa duara kama mpira mbele ya nyumba kubwa za Goma vinaonyesha kinyume: unaona makasi, hauoni mti.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kisiwa cha Jeju, kusini mwa Korea, kimezaliwa na volkano kama udongo wetu. Huko mkulima Sung Bum-young alisafisha pori la mawe, akajenga kuta, akapanga miti yake, akafungua bustani kwa watu mwaka 1992. Sisi tuliopata lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021 tunajua kujenga kwa mawe meusi. Tumeona pia feni zikiota katika nyufa zake.

Lakini tuwe waangalifu. Watu wa Goma tunasifiwa kila siku kwa kuvumilia, na ni rahisi kusema mti uliopinda unapendeza kwa sababu uliteseka. Si kweli. Mateso peke yake yanakausha mti. Unapendeza kwa sababu kuna mtu aliyeumwagilia maji kila siku, akaubadilishia udongo, na kabla ya kufa akamwachia mwingine kazi hiyo. Kinachosifiwa pale ni ulezi.

Anayetaka kujaribu asing'oe mti katika Hifadhi ya Virunga. Achukue tawi la ficus, linashika mizizi kirahisi; chungu chenye tundu chini; na changarawe ya lava, inayopitisha maji vizuri. Vitu vyote viko hapa. Kinachobaki kutafutwa ni subira, na mtu wa kurithi chungu.