Makaa ya Tanurini na Makaa ya Behewani

Maneno “treni ya makaa ya mawe” chini ya picha yana kasoro ambayo msomaji wa Kiswahili huipita bila kujikwaa. Ile “ya” ya kwanza haisemi kama makaa yanachomwa au yanabebwa. Chukua picha ya kichwa cha Garratt cha daraja la 59, vile 34 vilivyotengenezwa na Beyer Peacock kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Vilikuwa vichwa vya mvuke, basi mhariri mwenye haraka huandika “treni ya makaa” na kwenda zake. Vichwa hivyo vilichoma mafuta mazito, na mara nyingi kilichofuata nyuma yake kilikuwa mizigo mchanganyiko. Neno moja, makosa mawili, na picha yenyewe haina namna ya kujitetea.

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri zaidi uko Marekani, kwenye reli ya Norfolk and Western, iliyopita Virginia na West Virginia. Reli hiyo ilichimbiwa riziki yake na makaa: iliyabeba, na iliendelea kuyachoma kwenye vichwa vya mvuke hadi 1960, wakati reli nyingine kubwa za nchi hiyo zilikuwa zimeshahamia dizeli. O. Winston Link aliipiga picha kuanzia 1955, nyingi zikiwa za usiku, kwa balbu za flashi zilizounganishwa kwa nyaya na kuwashwa kwa mpigo mmoja. Picha yake mashuhuri kuliko zote, ya Iaeger, West Virginia, Agosti 1956, inaonyesha treni ikipita nyuma ya uwanja wa sinema ambapo watazamaji wamekaa ndani ya magari yao. Aliiita “Hotshot Eastbound”. Katika lugha ya wana-reli wa kule, “hotshot” ni treni ya mizigo ya haraka, yenye ratiba ya kufukuzia; makaa yalisafiri kwa treni nzito za mwendo wa kujikokota. Kwa hiyo anayeiita picha hiyo treni ya makaa amesema kweli kuhusu tanuri na amekosea kuhusu mabehewa, na jibu lilikuwa limo ndani ya jina aliloipa mpigaji mwenyewe.

Neno la pili la jina hilo, “Eastbound”, yaani kuelekea mashariki, nalo lina kazi, ila kazi yake hubadilika kulingana na mahali. Kwenye mwinuko wa Blue Ridge, mashariki ya Roanoke, “kuelekea mashariki” kwa treni ya makaa ni kama kusema “imejaa”, kwa kuwa shehena ilikuwa ikiteremkia bandari ya Norfolk na mabehewa yalirudi magharibi matupu. Hapo mtu hukisia pia kwamba nyuma kabisa, nje ya fremu, kuna kichwa kingine kinasukuma. Huko Iaeger, ndani ya eneo lenyewe la migodi, makaa yalitoka pande zote mbili, mengine yakienda baharini, mengine yakienda Ohio na Maziwa Makuu. Dira peke yake haimwambii msomaji kitu mpaka atajiwe stesheni.

Wapo watakaosema jicho linatosha: tazama moshi, utajua kichwa kinavuta mzigo au kinateleza. Mchana hoja hiyo ina uzito kidogo. Usiku inaanguka. Lile wingu jeupe kwenye picha za Link kwa sehemu kubwa ni mvuke uliogandishwa na flashi. Moshi mweusi mbele ya anga jeusi humezwa. Mhariri anayeandika “moshi mweupe” anaeleza kilichompendeza. Kuhusu shehena, kamera iliyowekwa chini usawa wa reli huona ubavu wa behewa tu, na ubavu wa behewa lililojaa hautofautiani sana na wa tupu. Kilele cha makaa huonekana kutoka darajani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha za Link zilipangwa kama jukwaa la tamthilia, hivyo kuzidai ukweli wa kumbukumbu ni kumwonea msanii. Ni kweli zilipangwa. Ndege iliyo kwenye skrini ya sinema pale Iaeger iliongezwa kwenye chumba cha giza, kwa sababu flashi ziliifuta picha iliyokuwa ikionyeshwa. Lakini hapo ndipo maelezo yanapohitajika zaidi, maana treni haikubandikwa; ilipita. Mstari mmoja unatosha kutenganisha viwili hivyo: “Treni ya haraka ya mizigo, kichwa cha mvuke kinachochoma makaa, ikielekea mashariki, Iaeger, West Virginia, Agosti 1956, ndege kwenye skrini imeongezwa baadaye.” Ni mrefu kuliko “treni ya makaa ya mawe usiku”, na bado unaenea chini ya picha ya safu mbili.