Je, Lake Tanganyika Jazz Inastahili Kidahizo Chake?

Muhula uliopita tulipewa zoezi: kila mwanafunzi aandikie Wikipedia ya Kiswahili makala moja kuhusu jambo la kwao ambalo bado halijaandikwa. Wenzangu walichagua milima, vyakula na watemi. Mimi nilichagua bendi, Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma. Niliandika sentensi nne nikakwama. Mwalimu aliporudisha rasimu yangu, alikuwa ameandika pembeni mwa sentensi tatu kati ya hizo maneno mawili tu: "Nani kasema?"

Aliyesema ni bibi yangu. Sisi wa Buyenzi si wageni wa Kigoma. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, familia nyingi za pale zina ndugu Ujiji, na ziwa kwetu ni barabara. Bibi alivuka akiwa msichana, katika miaka ya 1960, kumtembelea dada yake, na huko akacheza dansi la bendi hiyo. Mpaka leo akisikia gitaa la zamani redioni huacha kuchambua mchele. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi tosha.

Katika mjadala darasani nilitetewa kwa moto kuliko nilivyojitetea mwenyewe. Mwenzetu mmoja alisema kwamba kuikataa bendi hiyo ni kuendeleza ukoloni, kwa maana kinachotambuliwa ni kile tu kilichoandikwa na wenye kalamu. Akatoa mfano ambao sijaweza kuusahau. Kigoma hiyohiyo kuna meli, MV Liemba. Ina makala ndefu kwa lugha nyingi: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kila tarehe ina karatasi yake. Mji mmoja, ziwa moja. Chuma kina wasifu, na watu waliowachezesha abiria wa chuma hicho hawana hata mstari.

Hoja hiyo ni nzito, na nusu yake ni ya kweli. Masharti ambayo Wikipedia ya Kiingereza huyatumia kupima bendi yanauliza kama wimbo wake uliingia kwenye chati ya taifa, kama ilitoa angalau albamu mbili kwa kampuni kubwa, kama ilipata tuzo, kama safari zake za nje ziliandikwa magazetini. Sasa jiulize bendi ya Kigoma ya wakati ule ingeyatimiza vipi. Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikabaki kwenye kanda za redio bila kuuzwa dukani. Kutoka Kigoma hadi studio hizo ni safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200. Kuidai bendi kama hiyo albamu mbili ni kumdai mvuvi risiti ya kila dagaa.

Lakini masharti hayo hayaishii hapo, na hapa ndipo ninapoachana na watetezi wangu. Sharti la kwanza, lenye uzito kuliko yote, halidai mauzo. Linauliza kama watu wengine, wasiohusiana na bendi, wameiandika kwa kina mahali panapoaminika. Darasani tulikuwa tukiliita sharti hilo "umaarufu", na nadhani neno hilo ndilo lililotupoteza. Ukisema umaarufu, msikilizaji anadhani bendi inaambiwa haikupendwa, naye anakasirika kwa niaba ya bibi yangu. Kumbe bendi inaweza kujaza ukumbi kila Jumamosi na bado isiwe na ukurasa mmoja wa kutegemewa. Kinachopimwa ni kama msomaji wa Kampala au Lubumbashi anaweza kuhakikisha ninachomwambia bila kupanda basi kuja kumuuliza bibi.

Na je, angekuja? Nilimuuliza bibi mara mbili, kwa wiki mbili tofauti. Mara ya kwanza bendi ilikuwa na magitaa matatu, mara ya pili mawili. Mara ya kwanza mwimbaji alikuwa mrefu mweusi, mara ya pili bibi akanichekea: "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa natazama viatu." Simlaumu, na kwa kweli jibu la viatu linaniambia mengi kuhusu dansi kuliko idadi ya magitaa. Ila siwezi kuliweka kwenye kamusi elezo.

Wapo watakaosema kwamba katika fasihi simulizi tunafundishwa kuwa mzee ni chanzo. Ni kweli, lakini tunafundishwa pia kumrekodi, kuandika mahali na tarehe, kutafuta wazee wengine, kulinganisha masimulizi, kisha kuchapisha. Mimi nilitaka kuyaruka yote hayo, nitoke mkekani kwa bibi moja kwa moja hadi kwenye kamusi elezo, ambayo hupakua kilichopikwa na wengine.

Sentensi yangu iliyosalimika ilikuwa moja: kwamba Shem Karenga, mtunzi wa "Dada Asha" aliyetamba na Tabora Jazz, alianzia Lake Tanganyika Jazz. Je, hiyo inatosha? Kuna sharti linaloipokea bendi yenye wanamuziki wawili au zaidi ambao kila mmoja anastahili makala kwa kazi zake. Mimi nina mmoja. Na hata huyo mmoja, sifa zake nyingi alizichumia Tabora. Kuipa Lake Tanganyika Jazz makala kwa jina lake ni kama kumsifu mwalimu wa chekechea kwa shahada ya uzamivu ya mwanafunzi wake.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo halikuwafurahisha wenzangu, ni hapana. Bendi hii haistahili kidahizo chake kwa sasa. Inastahili aya ndani ya makala ya Shem Karenga, na mstari katika historia ya muziki wa dansi wa magharibi mwa Tanzania, mahali ambapo sentensi moja ya kweli haitaonekana maskini. Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi fupi mno, zile zinazoitwa mbegu: jina, mji, nchi, basi. Ningeiongezea moja, na kila anayepita angedhani bendi ile ilikuwa ndogo kiasi hicho. Heri ikose ukurasa kuliko kupewa ukurasa unaoidunisha.

Kinachoniuma ni kwamba "kwa sasa" ina mwisho. Kanda za redio na magazeti ya zamani kama Ngurumo huchakaa, na waliocheza dansi lile wamepita miaka sabini. Ukoloni nauona zaidi hapo, katika sisi tunaosomea Kiswahili miaka mitatu na kuandika tasnifu ya kumi na moja kuhusu riwaya ileile, kuliko katika sharti la kamusi elezo.

Rasimu yangu nimeifuta. Mwalimu amekubali tasnifu yangu iwe juu ya kumbukumbu za dansi kati ya Buyenzi na Ujiji, kwa sharti kwamba nipate wasimulizi wasiopungua kumi, nusu yao ng'ambo ya ziwa. Jumapili nilimwekea bibi simu mbele yake nikabonyeza kurekodi. Akaitazama, akavuta kanga begani, akaniuliza kama nataka aanzie kwenye dansi au kwenye meli. Nikamwambia aanzie kwenye viatu.