Herufi "Be" katika Hati za Pate: Asili, Maumbo na Wajibu wa Mhariri

Jina la Pate laanza kwa sauti ambayo alfabeti ya Kiarabu haina herufi yake. Ndiyo sababu nisba ya huko imekuwa al-Batawi, kama alivyoitwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka huko Mombasa katika karne ya 19. Mfano huu mdogo watufungulia tatizo kubwa la uhakiki wa tungo zetu za kale.

Herufi yenyewe ni be. Asili yake ni beth ya Wafoinike, maana yake nyumba. Ikapitia kwa Waaramu na Wanabati hata ikafika kwa Waarabu. Iwapo peke yake au mwishoni mwa neno, ina umbo mfano wa dau. Ianzapo au ikaapo kati, ni jino dogo tu. Jino hilo hilo ni la te, the, nuni na ye pia, na nukta ndizo zinazozitenga. Waajemi, waliokuwa na sauti ya p, waliongeza nukta mbili chini, zikawa tatu.

Baadhi ya waandishi wa pwani waliifuata njia ya Waajemi. Wengine waliridhika na be ya nukta moja kwa b, p na mb. Hivyo pata, bata na mbata huweza kuandikwa sawasawa. Yasemwa kwamba mizani na vina humwongoza msomaji. Sivyo kila mara. Maneno hayo yote yana mizani mbili. Na sauti hii ikiangukia kwenye kina, maneno yanayolandana nayo huandikwa kwa herufi ile ile. Kinachobaki ni maana, nayo ndiyo tunayoitafuta.

Mhariri anayeuhamishia utendi katika herufi za Kirumi hulazimika kuchagua kila aionapo be hiyo. Kosa si kuchagua. Kosa ni kuficha kwamba amechagua. Msomaji asiyeuona mswada hudhani kwamba p ile imetoka mkononi mwa mwandishi, na mwanaisimu huijengea hoja za lahaja.

Hapana budi basi kila toleo lionyeshe, japo kwa alama pambizoni, mahali ambapo neno limekisiwa. Bila hivyo, tuusomapo utendi wa Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728, twaweza kuhakiki kazi ya mhariri huku tukidhani kwamba twahakiki kazi ya Mwengo wa Athumani.